SOMO LA UFUNDI: KUAGIZA KIBAO CHA SIRKWI PASIPO KUPOTEZA FEZA

Wapendwa wanafunzi wenzetu na waalimu wetu,

Wengi wametuuliza: kile kibao cha kulinda batri ya solaire ya chumba cha etide, kiko wapi? Swali hili ni la haki, maana feza zilitoka kwenu. Kwa hiyo tutaeleza namna ya kuagiza kibao kwa bei ndogo, na kosa letu pia, kusudi darasa linalotufuata lisilirudilie.

1. Kibao ni kitu gani?

Fungueni radio yoyote iliyokufa. Ndani mtaona ubao mwembamba wenye njia za shaba. Kila njia inafanya kazi ya waya. Mara nyingi ubao huo ni wa nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu. Unene wake ni milimeta 1.6, na shaba iliyo juu yake ni sehemu 35 tu za elfu ya milimeta. Karibu na mwaka 1936, Paul Eisler, injinia mzaliwa wa Vienna, alitengeneza kule London radio yenye njia za namna hiyo. Na sisi tusijione wageni katika kazi hii: shaba inachimbwa Kolwezi, na etani ya kusude inatoka katika kasiterite sawa ile ya Kivu.

2. Kutengeneza hapa ao kuagiza?

Kutengeneza hapa kunawezekana. Unanunua ubao wenye shaba nzima, unachora njia na kalamu ya wino usiotoka na maji, kisha unautia katika perklorire ya feri. Dawa inakula shaba yote isiyofunikwa na wino. Kwa kibao kimoja chepesi, njia hii inafaa. Lakini dawa ile inachafua mikono na nguo, haipashwi kumwangwa mtoni, na matundu yote unatoboa mwenyewe. Ukitaka vibao 20 vinavyofanana, utachoka mbele ya kumaliza.

Kiwanda kinafanya vizuri zaidi. Kinatoboa matundu, kinatia shaba ndani yake, kinafunika kibao na rangi, na kuandika majina ya vipande juu.

3. Sababu gani bei iko ndogo?

Kiwanda hakitengenezi kibao chako peke yake. Kinaweka michoro ya watu wengi juu ya ubao mmoja mkubwa, kinaitengeneza pamoja, kisha kinaikata. Gharama ya kutayarisha mashini inagawanywa kwa wote. Ndiyo sababu JLCPCB, kiwanda cha Shenzhen huko China, kimekuwa kikiuza vibao 5 vya safu mbili, visivyopita milimeta 100 kwa 100, kwa dola 2. Shirika la OSH Park la Marekani linahesabu kwa namna nyingine: dola 5 kwa kila inchi ya mraba, na unapata vibao 3. Basi kwa kibao kidogo sana wa pili anaweza kufaa. Kikiwa kikubwa, bei inapanda haraka. Bei zinabadilika, muangalie kwanza mbele ya kuagiza.

Lakini, ndugu zetu, musidanganywe na zile dola 2. Gharama kubwa ni ya njia, na kisha duane. Tufanye hesabu. Tuseme vibao ni dola 2 na usafirishaji ni dola 20. Mtu mmoja akiagiza peke yake, analipa 22. Watano wakiagiza pamoja, kila mmoja analipa 4.40. Na kama sirkwi yenu iko ndogo, milimeta 48 kwa 48, munaweza kuichora mara nne ndani ya ule mraba wa 100, na kuacha milimeta 3 katikati kwa njia ya msumeno. Vibao 5 vinakuwa vidogo 20, na kila kimoja kinafikia dola 1.10. Muulize kiwanda kwanza, maana vingine vinaongeza bei kwa mchoro wa namna hiyo. Zaidi ya yote, mutafute mtu wa kuaminika anayeagiza vitu vingine, vibao viingie katika mzigo wake.

4. Kuchora

Sisi tunatumia programu ya KiCad. Ni ya bure. Jean-Pierre Charras, mwalimu wa Grenoble huko Ufaransa, aliianzisha mwaka 1992. Ukiisha kuiweka katika ordinatere, inafanya kazi pasipo intaneti. Kwanza unachora sirkwi, kisha unapanga vipande juu ya kibao, kisha unapitisha njia. Njia ya kupitisha ampere 1 muipe milimeta 1, musiifanye nyembamba sawa uzi. Programu yenyewe inapima kama njia mbili zinagusana. Mwishoni inatoa fishie za Gerber, moja kwa kila safu, na ingine ya matundu. Hizo ndizo zinatumwa.

Angalisho moja: transistori BC547 na 2N3904 zinafanana kwa macho. Lakini ukishika uso wa bapa mbele yako, miguu chini, BC547 inaanza na kolekta upande wa kushoto, na 2N3904 inaanza na emeta. Ukiweka moja pahali pa ingine, inapashwa kugeuzwa.

5. Kosa letu

Sasa tufike penye aibu. Programu haijui kitu mulicho nacho mkononi. Tulichora borne za kufungia waya zenye miguu iliyoachana milimeta 3.5, kwa sababu tuliziona kwanza katika orodha ya programu. Zile tulizopata sokoni ziko na milimeta 5.08. Vibao vitano vilifika, vizuri sana kwa macho, na borne haikuingia hata katika kimoja. Kiwanda hakikukosa, kilitengeneza sawasawa na tulivyotuma. Kosa moja kwenye mchoro lilizaliwa mara tano.

Tulisude waya moja kwa moja katika matundu. Sirkwi inafanya kazi: batri ikishuka chini ya volti 11.5, taa zinakatwa mbele ya batri kuharibika. Lakini kila mara batri inapotolewa, waya zinavunjika, na kusude kunaanza upya. Ndiyo maana kibao hakijakaa ukutani.

Dawa ya kosa hili ilikuwa karatasi moja. Nunueni vipande kwanza, kisha mchore. Mchoro ukiisha, uchapisheni kwa kipimo chake kamili, pasipo kuupunguza, mupime na rula, muubandike juu ya karatoni, kisha muingize miguu ya kila kipande ndani ya matundu. Mpeni mwenzenu asiyechora autazame, maana aliyechora anaona kile alichotaka kuona. Hapo tu ndipo feza zitoke. Mfano wa mjenzi wa mnara tunaujua wote kutoka somo la dini. Sisi tulihesabu feza, lakini hatukuhesabu milimeta.

Mchoro mpya uko tayari, umepita katika karatoni, na uko ukutani mwa chumba cha fizika. Kila mmoja aliyetoa feza afike kuutazama na kuweka kidole pale anapoona mashaka. Hatutaomba mchango mwingine mbele ya hapo.

Maswali
1. Wanafunzi 8 wanaagiza pamoja. Vibao ni dola 2, njia dola 24, duane dola 6. Kila mmoja atalipa ngapi?
2. Sababu gani vibao vitano havizidi sana bei ya kimoja?
3. Kosa gani programu inaweza kuona, na gani haiwezi?

Sisi, kapita wa wanafunzi na wenzake wa darasa la mwisho.