Binti Ajiumizaye kwa Siri

SWALI: Namlea binti wa marehemu dada yangu, huko alikotoka alitukanwa kila siku. Sasa hujijeruhi mikono kwa siri. Je, ni ukaidi? (Mama mdogo, Gehandu)

JIBU: La, mama, si ukaidi wala si pepo. Mtoto aliyedharauliwa tangu utotoni, asipate mtu wa kumfundisha namna ya kuituliza ghadhabu na huzuni yake, afikapo baleghe na hisia zikamfurikia, huona maumivu ya mwili kuwa ni afadhali kuliko adhabu ya nafsi. Na nafuu hiyo, kwa kuwa ni ya dakika chache tu, humrudisha kulekule. Wala hayuko peke yake: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 hapa Tanzania ulionyesha kuwa takriban msichana mmoja kati ya wanne alidhulumiwa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Usimkaripie, wala usimlazimishe kuonyesha makovu; keti naye, umsikilize, na umwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii fikira hiyo. Kisha mpeleke Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, au piga simu ya watoto 116, ambayo ni bure. Na akisema anataka kufa, usingoje hata usiku mmoja.