Dhahabu jikoni, samaki mezani: jibu kwa mjamzito wa Maganzo

SWALI: Daktari, naishi Maganzo na mimba yangu ina miezi mitano. Mume wangu anachimba dhahabu upande wa Geita, nyumbani huja mwisho wa mwezi. Mara nyingine anakuja na donge lake na kulichomea hapa kwenye jiko la mkaa, maana anasema kule machimboni wanaibiana. Hutuletea pia kambale na kamongo wa kubanika waliovuliwa kwenye mto unaopita karibu na mialo ya kuoshea dhahabu. Mwenzangu kliniki ameniambia samaki hao wana zebaki na mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Mama mkwe anasema nikinywa maziwa sumu itatoka. Je, niache samaki kabisa? Na yale matope ya bwawa la mgodi yaliyomwagika mwaka 2022, hayakuacha zebaki kwenye maji yetu?
Msomaji, Maganzo

JIBU: Habari za samaki nitakujibu, lakini barua yako ilinikwamisha kwenye lile jiko la mkaa. Samaki tutawachagua, wapo wa kuacha na wapo wa kuendelea nao. Kuchoma dhahabu ndani ya nyumba anamolala mjamzito hakuna cha kuchagua. Kukome leo.

Mumeo anajua kazi yake, ila inawezekana hakuna aliyewahi kumweleza kinachotokea pale jikoni. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga ukaoshwa, humwagiwa zebaki ili ishikamane na chembe za dhahabu. Kisha hukamuliwa kwenye kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi, joto ambalo mkaa uliokolea hulipita bila shida. Kwa hiyo anapopuliza moto akisubiri dhahabu ibaki ya njano, karibu zebaki yote iliyobaki inaondoka kama mvuke na kuingia katika hewa unayovuta wewe. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Huwezi kuukwepa kwa kugeuza uso au kuziba pua na khanga.

Mtu akimeza zebaki ile ya majimaji, sehemu kubwa mno hupita tumboni na kutoka bila kufyonzwa. Akivuta mvuke wake, kama sehemu 80 kati ya 100 hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo na figo, na hupenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa.

Moto ukizimwa mambo hayajaisha. Mvuke ukipoa hugeuka tena kuwa vitone vidogo visivyoonekana, vikatua kwenye masizi ya ukuta, kwenye nguo zilizoanikwa ndani na kwenye unga usiofunikwa, na vikazama kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Siku ya joto, na Shinyanga joto hatulikosi, vitone hivyo huanza kupaa upya. Mama anayepika humo kila siku na mtoto anayetambaa sakafuni wanaweza kuendelea kuvuta zebaki wakati mchimbaji mwenyewe ameshasafiri.

Mkoani Geita jambo hili limechunguzwa kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshiriki mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO. Madaktari walipima damu, mkojo na nywele za watu wa machimbo ya Rwamagasa, wakawalinganisha na watu wa Katoro ambako hapakuwa na kazi ya dhahabu na zebaki. Wachomaji wa donge ndio walioathirika zaidi, na takriban mmoja kati ya wanne wao alikuwa na dalili na vipimo vya mtu aliyekwisha kudhurika na zebaki.

Dalili zenyewe huja polepole, na nyumbani hupewa majina mengine: uchovu, mawazo, hata kurogwa. Mikono hutetemeka, mwandiko hubadilika, usingizi hupotea, mtu anakuwa mwepesi wa hasira na kusahau. Mdomoni huja ladha ya chuma, mate hujaa, fizi huvimba. Figo zikiguswa, mkojo hutoka na povu na miguu huvimba. Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja hukohoa, hubanwa kifua na kupata homa ndani ya saa chache, na huyo akimbizwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Mwangalie mumeo akishika kikombe cha chai. Mikono ikitetemeka, naye aje kupimwa.

Najua hofu yake ya kuibiwa ni ya kweli. Lakini donge halilazimiki kusafiri hadi Maganzo. Kipo chombo kinachoitwa retoti, chungu cha chuma kinachofungwa vizuri, chenye bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke hupoa humo na zebaki hurudi kuwa majimaji, ikatumika tena. Retoti nzuri hunasa zaidi ya asilimia 90, na mafundi huweza kuitengeneza kwa mabomba ya chuma. Donge lichomewe nje, mbali na makazi, na dhahabu ikishapatikana aiuze huko huko. Geita ina soko la madini tangu mwaka 2019. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kuchoma donge katika maeneo ya makazi kuwa miongoni mwa mambo ambayo nchi zinatakiwa kuyakomesha.

Kama amewahi kuchoma humo jikoni, hamisha mapishi kwa muda. Fungueni milango na madirisha siku nyingi mfululizo. Usifagie kwa ufagio mkavu, maana unavirusha vile vitone hewani. Kazi ya kukwangua masizi na kuondoa tabaka la juu la sakafu ifanywe na mtu mwingine, udongo ukiwa umeloweshwa. Wewe na watoto msiwepo. Sufuria, karai au jiko lililotumika kuchomea lisiguse tena chakula. Kama mnakinga maji ya mvua kwenye bati la nyumba hiyo, msiyanywe.

Sasa samaki. Mwenzako wa kliniki hakukosea, ila amewaweka samaki wote kapu moja. Zebaki inayomwagika na marudio ya mialo, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huzama kwenye matope ya mto na mabwawa. Pale penye matope yasiyo na hewa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, na hii ndiyo sumu ya kwenye samaki. Tofauti na zebaki ya majimaji, ikiliwa hufyonzwa karibu yote. Vijidudu huila, samaki wadogo huwala vijidudu, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila ngazi sumu inazidi. Ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kuna akina mama wa huko ambao wenyewe hawakuonekana wagonjwa, lakini walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo.

Lakini Ziwa Victoria si Minamata, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona wajawazito wakikimbia samaki na kubaki na ugali na mlenda. Watafiti waliopima samaki wa ziwa hilo tangu miaka ya 1990 walikuta wengi wana zebaki kidogo, chini ya nusu miligramu kwa kilo, kiwango kinachotumiwa kimataifa. Huko Rwamagasa, ambako maji huelekea mto Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika, samaki wa Malagarasi ya chini na wa ziwa lenyewe nao walikuwa na viwango vidogo. Uchafu mwingi ulikutwa karibu na machimbo.

Kwa hiyo dagaa kula. Ni wadogo, maisha yao ni mafupi, hawapati muda wa kulimbikiza sumu, na wana protini na kalsiamu unayoihitaji sana sasa. Sato kula, maana chakula chake kikubwa ni mimea ya majini. Sangara wa kawaida si tatizo, ila wale wakubwa sana waachie wengine hadi ujifungue. Hao kambale na kamongo wa karibu na mialo waache kabisa mpaka mtoto aache kunyonya. Wanaishi kwenye matope yale yale yanayopokea marudio, na wanakula viumbe wengine. Kuwabanika, kuwakaanga au kuwachemsha na kumwaga supu hakusaidii, kwa kuwa methili-zebaki imeshikamana na nyama yenyewe.

Matope ya mwaka 2022 yalitoka kwenye bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi haikamatwi kwa zebaki, hutenganishwa kwa uzito, kwa grisi na kwa mionzi ya eksirei. Maji yaliyovurugwa na matope yana madhara mengine na hayafai kunywewa bila kutibiwa, lakini zebaki kutoka kwenye bwawa hilo isikunyime usingizi.

Mama mkwe mwambie maziwa ni chakula kizuri, unywe, ila hayaondoi zebaki. Mwili huitoa wenyewe taratibu, takriban nusu kila baada ya miezi miwili, mradi isiongezwe nyingine. Zipo dawa za kuivuta, lakini hutolewa hospitali kwa mgonjwa aliyepimwa, na kwa mjamzito daktari huzipima kwa uangalifu mkubwa. Usinunue chochote mtaani kinachoitwa cha kusafisha damu.

Hukuniuliza mambo mawili, nami nakuuliza. Je, unakula pemba, yaani udongo? Mtafiti Elias Nyanza na wenzake wa chuo cha CUHAS-Bugando, Mwanza, walichunguza udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakakuta una aseniki, ambayo nayo ni sumu. Baadaye walifuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 wa Kanda ya Ziwa, na wale wa maeneo ya machimbo walikuwa na viwango vya juu vya aseniki na zebaki. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo usione haya kuitaja kliniki. La pili ni sabuni au krimu ya kung'arisha ngozi. Katika uchunguzi wa miaka ya 1990 Kanda ya Ziwa, baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno kwenye nywele hawakuwa wachimbaji, walikuwa watumiaji wa sabuni hizo. Kama unayo, iache.

Ukienda kliniki mara hii, mweleze muuguzi kwamba nyumbani kwenu dhahabu imechomwa, taja tarehe ya mwisho, na umwombe aandike kwenye kadi. Kwa mvuke, kipimo kinachofaa ni mkojo. Kwa zebaki ya samaki ni damu au nywele. Hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kukuelekeza Mwanza, iliko Hospitali ya Bugando na ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mumeo aende nawe, naye atoe mkojo siku hiyo hiyo, kwa kuwa yeye amevuta mvuke huo kuliko wote.