Dondoo muhimu: Kuziba paa la mabati kabla ya masika

Mboghoni, upande wa Taveta, masika huanza kwa kawaida mwezi Machi. Paa hukaguliwa Februari, lingali kavu. Jua la mchana huonyesha matundu kwa mtu aliye ndani ya nyumba. Kila tundu huwekewa alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Maji huteremka na mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huwa juu zaidi ya pale panapolowa.

Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila msumari umelegea au raba yake imekauka. Msumari huo hung'olewa, ukawekwa mwingine mrefu zaidi wenye raba mpya, kwenye mgongo wa bati. Bondeni ndiko maji yanakopita. Tundu dogo husuguliwa kutu kwa brashi ya waya, kisha hupakwa lami na kufunikwa kipande cha kitambaa kilicholoweshwa lami hiyo hiyo.

Ngazi ndiyo huumiza wengi. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake hukaa mita 1 kutoka ukutani, na mtu wa pili huishikilia. Ngazi ya chuma haisogezwi karibu na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Juu ya paa hukanyagwa mstari wa misumari tu, penye mbao chini, wala si alfajiri bati likiwa na umande.

Paa la asbesto halitobolewi wala kusuguliwa: vumbi lake husababisha saratani.