Mtoto Mchanga Hatetemeki: Jawabu kwa Mama wa Tlawi

SWALI: Nimejifungua mwezi huu wa Julai, na asubuhi za huku Tlawi ni za baridi kali. Nyayo za mwanangu huwa baridi, lakini mama mkwe asema kwamba maadamu hatetemeki, hasikii baridi. Je, ni kweli?

JAWABU: La, mama, si kweli, na twakushukuru kwa kuuliza, kwani dhana hiyo imeenea katika nyumba nyingi, nayo hudhuru pasipo mtu kukusudia.

Si viumbe vyote vilivyokirimiwa njia moja ya kukabili baridi. Mjusi hutegemea joto la nje, na alfajiri huwa mzito wa kutembea mpaka jua lipande, aparamie jiwe na kuliota. Ng'ombe aliye zizini, hata hewa ya nyanda za Mbulu ishuke namna gani, hudumisha joto la nyuzi 38.5 hivi, na mwanadamu nyuzi 37 au karibu yake, kwa sababu sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hupokea habari za ngozi na za damu, ikaamuru mishipa ya ngozini ijibane ili damu yenye moto ibaki ndani. Na hilo lisipotosha, misuli hutetemeka, na kutetemeka huko ndiko kuzalishako joto.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka ipasavyo. Badala yake huunguza mafuta maalumu ya rangi ya hudhurungi, yaliyo shingoni, baina ya mabega na kandokando ya figo. Akiba hiyo ni haba, na kwa aliyezaliwa kabla ya wakati ni haba zaidi, ilhali kichwa chake kikubwa na ngozi yake nyembamba hupoteza joto upesi. Kwa hiyo aweza kupoa kimya kimya, ukamdhani amelala vizuri.

Basi gusa tumbo lake. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mwili umekwisha kuanza kujihami, naye ataka kupashwa joto hima. Tumbo nalo likiwa baridi, au kipimo kikionyesha chini ya nyuzi 36.5, mwache na nepi, kofia na soksi tu, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mjifunike blanketi, umnyonyeshe. Akiwa mlegevu au akikataa ziwa, mpelekeni hospitali papo hapo, akiwa kifuani vivyo hivyo.

Jiko la mkaa lisiingie kabisa katika chumba kilichofungwa, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Na kuoga kwa mara ya kwanza, Shirika la Afya Duniani lashauri kungoje saa 24 baada ya kuzaliwa.

Mweleze mama mkwe haya kwa adabu, kisha umwombe msaada wake: kifua chake nacho chaweza kumpasha mjukuu joto, nawe upate kupumzika.