JIFUNZE: Ukiambiwa "Mtandao Umepotea", Jipimie kwa Ping

Ni siku ya mwisho ya kutuma ombi la basari. Umepanga foleni saibani, kisha unaambiwa, "Mtandao umepotea, rudi kesho." Kesho yake muda umekwisha. Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kujua tatizo liko wapi kabla hujalipa nauli ya kurudi nyumbani.

Ping ni nini?
Ni amri ndogo iliyomo tayari katika kompyuta nyingi. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyeipa jina la mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ping hutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine, kisha hupima jibu limechukua muda gani kurudi.

Pima kutoka karibu kwenda mbali
Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Andika amri hizi moja baada ya nyingine:

1. ping 127.0.0.1
Hii ni kompyuta yako yenyewe. Isipojibu, hitilafu iko ndani yake.

2. ipconfig
Tafuta namba iliyo mbele ya "Default Gateway", kwa mfano 192.168.1.1. Hiyo ndiyo ruta. Andika ping na namba hiyo. Isipojibu, kagua waya, Wi-Fi na umeme wa ruta.

3. ping 8.8.8.8
Hii ni seva ya Google. Ikiwa ruta ilijibu lakini hii imenyamaza, huenda bando limeisha au kampuni ya intaneti ina hitilafu.

4. ping google.com
Ikiwa namba ilijibu lakini jina halipatikani, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Kusoma majibu
Windows hutuma ujumbe mara 4. "Reply from" maana yake jibu limerudi. "Request timed out" maana yake halikurudi kwa wakati. Majibu 2 yakipotea kati ya 4, mtandao upo lakini ni dhaifu. Subiri utulie kabla ya kupakia stakabadhi au kulipa.

Tahadhari
Baadhi ya seva zimewekwa makusudi zisijibu ping, kwa hivyo ukimya wa tovuti moja hauthibitishi kwamba imeanguka. Lakini hatua zote 4 zikijibu na tovuti unayoitaka bado haifunguki, huenda tatizo liko upande wa tovuti hiyo. Ijaribu pia kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine. Ikikataa, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, uiambatishe kwenye malalamiko yako.

Zaidi ya yote, usingoje siku ya mwisho.