Kabali ya Miguu: Tafuta Pembe Kwanza

Mtu aliyeketi ofisini Upper Hill, Nairobi, tangu asubuhi, kisha akakwama Waiyaki Way hadi Westlands, hufika mazoezini nyonga zimekakamaa. Julai, baridi ya jioni inapoingia, hali huwa mbaya zaidi. Huyo ndiye huniambia kabali ya miguu ni ya watu warefu. Si kweli. Pasha nyonga joto kwanza, halafu tuzungumze.

Kabali hii ya miguu, yaani ya pembetatu, ambayo wanajudo huiita sankaku-jime, haikusudii kuziba koromeo. Hubana mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani: upande mmoja unabanwa na paja lako, upande wa pili unabanwa na bega la mpinzani mwenyewe. Kwa hiyo mkono wake mmoja sharti uwe ndani ya miguu yako na mwingine ubaki nje. Mikono yote ikiwa ndani, ana nafasi ya kupumua na kukusukuma. Yote ikiwa nje, unabana shingo tupu kama mkasi, na kwenye judo refa atakuadhibu.

Umelala chali, naye yuko katikati ya magoti yako. Shika vifundo vyote viwili vya mikono yake. Sukuma mmoja kuelekea tumbo lake, mwingine uvute kwako. Upande ule uliosukuma, inua nyonga, pitisha mguu juu ya bega lake hadi muundi ulale nyuma ya shingo. Hapa wengi huharakisha kufunga na kuanza kukamua. Tulia. Shika muundi wako kwa mkono ili asiinuke. Usishike vidole vya mguu, maana akijinyoosha ghafla kifundo chako kitateguka. Sasa weka unyayo wa mguu wa pili kwenye nyonga yake, jisukume, ugeuke pembeni mpaka macho yako yaangalie sikio lake badala ya pua. Ndipo ufunge: kifundo cha mguu wa kwanza kiingie nyuma ya goti la mguu wa pili. Bana magoti, vuta kichwa chake chini taratibu.

Ule mgeuko ndio kabali yenyewe. Mwenye mapaja mafupi akipata pembe hukaba vizuri kuliko jitu la futi sita lililolala likimkabili mpinzani moja kwa moja. Desemba 1994, mjini Tulsa, Marekani, mpiganaji Royce Gracie alimkaba hivi Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito kwa mbali, baada ya kukaliwa juu kwa takribani dakika 15. Hakushinda kwa misuli, wala hakuwa na haraka.

Na ukiwa wewe ndiye unayekabwa? Jitetee mapema, kabla hajafunga: nyoosha mgongo, inua kichwa, rudisha viwiko vyako karibu na mbavu. Usimnyanyue umbwage; mwenzako anaweza kuvunjika shingo. Ukichelewa, gonga mkeka au mwili wake mara mbili tatu, au sema kwa sauti. Kabali iliyokaa sawasawa humzimisha mtu kwa sekunde 10 hivi, na aghalabu haiumi sana kabla ya giza kuingia, kwa hiyo usisubiri maumivu yakuonye. Anayekaba naye aachie papo hapo. Mwenzako akizimia, fungua miguu, hakikisha anapumua, mlaze kwa ubavu, ita mwalimu. Hata akiamka akicheka, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha. Maumivu ya shingo au kichwa yasiyoisha, au macho kuona ukungu, ni kazi ya daktari.

Wageni kutoka Mombasa pia wajue kwamba Nairobi iko takribani mita 1,800 juu ya bahari. Raundi za wiki ya kwanza zitawachosha upesi, na aliyechoka husahau kugonga.

Wako wanaojifunza haya wakiwaza vijana wa ngeta, wanaokaba watu na kuwaibia, kule River Road. Niseme wazi: usilale chali kwenye lami kumfungia mwizi miguu huku mwenzake amesimama na kisu. Mpe simu, uondoke. Na unapochagua klabu, iwe Kilimani, Lavington au Kangemi, tazama somo moja kabla ya kulipa. Kama mwalimu anaona mtu amegonga na aliyekaba anaendelea kubana, naye hasemi kitu, tafuta klabu nyingine.