Mkanda wa uzito wa mbizi kwa bei nafuu
Usiyeyushe risasi jikoni. Mvuke wake ni sumu, hasa kwa watoto. Nunua chubwi za wavuvi, uzipime kwa mizani, uzishone ndani ya vifuko vya turubai vya kilo moja moja, kisha uvipitishe kwenye ukanda wa nailoni. Usibanie pesa kwenye bizimu: lazima ifunguke kwa mkono mmoja.

Jaribu ukiwa na mtungi uliobakiwa na baa 50 hivi, kwani mtungi wa lita 12 uliojaa hadi baa 200 hubeba hewa ya karibu kilo 3, na uzito huo hupungua kadiri unavyopumua. Fulana ya kuelea ikiwa tupu na pumzi ya kawaida kifuani, maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu.

Fulana yenyewe usijitengenezee. Tafuta ya mtumba iliyokaguliwa na fundi.